Alama Tulizomficha Mama Fides

Vijana wangu mnaoniamkia "Shikamoo, Bwana Mikopo" pale sokoni Nachingwea, marahaba, ila leo nisikilizeni kwanza kabla hamjaendelea kuniheshimu. Najua wengi wenu mmeajiriwa kwenye hizi ofisi za kukopesha. Mna kompyuta, mnabonyeza, mashine inasema huyu apewe, yule asipewe. Mteja akiuliza sababu mnamjibu kwamba mfumo umekataa, basi, aliyefuata. Nami nilisema hivyo hivyo kwa miaka. Nilificha sababu hata mbele ya hakimu, Biblia mkononi, na ndiyo maana hamjawahi kuniona nikipanda gari la kwenda Mbekenyera kwa furaha.

Nilifika huku miaka ya tisini mwanzoni, kijana wa Njombe mwenye cheti cha biashara na kiburi cha kumtosha mtu na nduguye. Taasisi iliyoniajiri sitaitaja jina, imeshakufa, na marehemu hasemwi. Nilipewa pikipiki na wilaya mbili, Nachingwea na Ruangwa, nikaambiwa nizunguke vijijini kuwapima waombaji wa mikopo. Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Hokororo, Mmwera wa hapa hapa, mtu mfupi, mpole, anayecheka kwa pua. Yeye pikipiki hakuitaka. Alikuwa na baiskeli, na akifika kijijini kwa baiskeli watu waliendelea na shughuli zao, wakati mimi nikifika kuku wote walikuwa wameshajificha na wadaiwa pia.

Wakati huo hapakuwa na alama wala hesabu za kumpima mtu. Mzee Hokororo alikuwa na njia zake. "Bwana mdogo," aliniambia, "ukitaka kumjua mkopaji, usianze na rafiki yake. Mtafute jirani asiyempenda. Akikosa la kusema, mtu huyo mpe." Akanifundisha kutazama chini ya mikorosho. Kama pamefyekwa mapema, kabla maua hayajatoka, mwenye shamba anaitazama kesho. Kama pana magugu na mwenyewe anakuonyesha redio mpya, aga uondoke. Akanikataza kufika saa za mchana, kwa sababu mtu akishakulisha ugali wake huwezi tena kumwandikia kwamba hafai.

Nilikosea mara nyingi, na mzee hakunifokea. Kuna bwana mmoja wa Matambarale alituonyesha mbuzi, wamejaa uwanjani, wanene. Nikaandika kwa mwandiko mzuri. Tukakaribishwa chai, tukanywa taratibu, maana hatukuwa na haraka. Jua lilipoinama, mbuzi mkubwa akainuka, akavuka njia, akaingia ua wa jirani. Wa pili akamfuata. Mwenyeji wetu akapiga mluzi, akaita, mbuzi hata shingo hawageuzi. Mzee Hokororo akaweka kikombe chini, akasema, "Bwana, mali yako inaaga." Tulicheka njia nzima mpaka nikakaribia kuanguka na pikipiki. Sikujua kwamba mbuzi wale watakuja kunisaidia kufanya ubaya.

Maana mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili makao makuu yalituita Mtwara kwa semina. Mtaalamu kutoka Dar es Salaam, tai shingoni kwenye joto lile, akatuletea utaratibu mpya. Kila mwombaji sasa atapewa alama. Paa la bati, alama kadhaa. Ana duka, alama. Ana miaka mingi mahali pamoja, alama. Zinajumlishwa, na aliye chini ya mstari hapati, hata awe na maneno matamu kiasi gani. Halafu akatuambia jambo la msingi: mteja asijue kamwe anaulizwa nini wala kwa nini. Maswali tuyashike kichwani, tuyapachike kwenye mazungumzo, alama tukajaze ofisini, na karatasi ikae kabatini kwa meneja. Akieleza sababu akasema watu wakijua kinachopimwa watakiazima.

Nikawakumbuka mbuzi wa Matambarale, nikawa wa kwanza kuafiki. Nikasimama hata kuwasimulia ukumbini, watu wakavunjika mbavu. Mzee Hokororo ndiye aliyenyoosha mkono baada ya vicheko, akauliza, "Na mtu akionewa, atajuaje?" Yule mtaalamu akamjibu kwamba mfumo hauonei, hauna ndugu wala jirani. Tukapiga makofi. Nilipiga na mimi, tena kwa nguvu.

Sasa nije kwa Mama Fides. Jina lake la ubatizo Skolastika, mkulima wa Mbekenyera, mkatoliki wa kusali kila Jumapili, mama wa makamo, mrefu, anayeongea taratibu kwa sababu Kiswahili alikichukua shuleni na nyumbani wanaongea Kimwera. Alikuwa anasimamia shamba la mikorosho la ukoo wao. Yeye na wenzake wanne waliomba mkopo wa kununua salfa ya kupulizia mikorosho. Masharti yetu yalikuwa ya kikundi: kila mmoja mdhamini wa mwenzake, na mmoja akianguka wote wanasubiri msimu mwingine. Na mikorosho haisubiri, ugonjwa wa ubwiri unga ukishaingia kwenye maua bila salfa, umekwisha.

Nilikwenda kwake asubuhi. Akanipa uji wa mtama. Nikauliza maswali yangu kwa ujanja, nikaona nyumba, nikamwona mumewe, fundi seremala aliyetoka Kiegei. Nikamkuta na mama yake mzazi, nyumba ya pili, uwanja mmoja. Nikajua hapa ni kwa wazazi wa mwanamke. Kumbukeni mimi ni mtu wa Njombe. Kwetu mwanamke akiolewa anakwenda kwa mume. Ukimkuta mke yuko kwa mama yake, basi ndoa imevunjika au mume ni mtu asiye na pa kulala. Nikamtazama yule fundi, nikamhurumia kimoyomoyo.

Kwenye karatasi yetu kulikuwa na sehemu iliyoitwa "Uaminifu", na humo ndani kulikuwa na makazi. Anayeishi kwake au kwa mumewe, alama zote. Anayeishi kwa wazazi, sifuri, maana hajasimama na kesho anaweza kuhama. Nikarudi ofisini nikaweka sifuri. Hiyo sifuri ikamshusha chini ya mstari. Kikundi kizima kikaanguka naye.

Akaja ofisini. Alivaa kitenge cha kanisani. Akasema, "Bwana Mikopo, nimekosa nini?" Nikamwambia, "Mama, hukukidhi vigezo." Akauliza vigezo gani. Nikamwambia haviruhusiwi kutajwa. Akaondoka, akarudi wiki nyingine, swali lile lile. Wenzake walikuwa wameshaanza kumsema kijijini. Walisema lazima kuna mahali anadaiwa kwa siri, kwani watu wa mikopo wamekagua wakaona. Usilolijua ni usiku wa giza, na watu wakiwa gizani kila mmoja anachora jini lake.

Mzee Hokororo alikuwa likizo wakati naweka ile sifuri. Aliporudi akasikia, akaniita nje, kwenye kivuli cha ukuta. "Umempa sifuri ya makazi?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, anaishi kwa mama yake. Hakucheka kwa pua siku hiyo.

"Kijana, wewe umekaa huku miaka mingapi? Huku mwanamume ndiye anayehama. Anaoa, anakwenda kujenga kwa mke. Watoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba wao ndiye mwenye sauti. Yule mama pale ndiko kwake, na ukoo umemkabidhi mikorosho aitunze. Huwezi kumhamisha hata kwa fimbo. Mbekenyera nzima hakuna aliyesimama kama yeye, na wewe umemwandikia hajasimama."

Nilikuwa nimeishi Nachingwea karibu miaka kumi. Mke wangu nilimleta kutoka kwetu, marafiki zangu walikuwa walimu na wafanyakazi wa kuja kama mimi, tukikutana tunaongea habari za makwetu. Sikuwahi hata siku moja kuwauliza wenyeji wanaishije ndani ya nyumba zao, ilhali kazi yangu ilikuwa kuingia nyumba hizo na kuzihukumu. Na si Mama Fides peke yake. Wanawake wangapi niliwapa sifuri ile kabla yake, sijui.

Nikaenda kwa meneja kuomba tusahihishe. Meneja hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwoga mwenye kiti kizuri. Akasema tukirekebisha moja makao makuu watauliza kwa nini, na tukimweleza mama sababu, kesho Ruangwa nzima itajua majibu. "Si wewe uliyetusimulia habari za mbuzi?" akaniambia. Halafu akauliza mkataba wangu unaisha lini, huku anajua. Watoto wangu walikuwa shule ya misheni, ada kila muhula. Nikatoka, mdomo nimeufunga.

Mama Fides hakunyamaza. Pale parokiani kulikuwa na msaidizi wa sheria, mwalimu mstaafu, akamwandikia madai, naye mama akafungua shauri Mahakama ya Wilaya. Mkopo hakuutaka tena. Alidai jina lake limechafuliwa, akaomba mahakama iiamuru ofisi imwambie sababu ya kukataliwa. Kilichokuwa kinamkimbiza ni ukoo. Mjomba wake, mkubwa wa ukoo, alikuwa ameitisha kikao na kusema kama huyu ana madeni asiyoyasema, iko siku watu watakuja kupiga mnada mikorosho ya wazee. Wakampa muda, alete ushahidi kwamba hadaiwi, la sivyo shamba apewe mdogo wake. Na ushahidi wenyewe tulikuwa tumeukalia sisi.

Ofisi ikaleta wakili. Akanikalisha chini kunifundisha. Akasema mkopeshaji halazimiki kutoa sababu, na karatasi ya alama ni mali ya taasisi, imetengenezwa kwa gharama, haiwezi kumwagwa mahakamani kila mtu aione. "Ukiulizwa lolote la ndani, sema ni siri ya ofisi. Hapo hujasema uongo." Maneno hayo yalinipa usingizi mzuri, vijana. Niliyashika kama dawa.

Siku ya kesi watu wa Mbekenyera walijaa kwenye mabenchi. Mjomba alikaa mbele, fimbo magotini. Nikapanda kizimbani, nikaapa kusema kweli. Hakimu akauliza kama ile karatasi inaweza kuletwa aione. Wakili akasimama akapinga, akasoma vifungu vyake. Hakimu akakuna kidevu, akaiacha. Wakili akaniuliza mlalamikaji alianguka sehemu gani kwa ujumla wake, bila kuingia ndani. Nikajibu, "Sehemu ya uaminifu." Ilikuwa kweli, ndivyo ilivyoandikwa juu ya karatasi. Nikasikia mabenchi yakinong'ona.

Kisha hakimu akamwambia Mama Fides anaweza kuniuliza swali. Akasimama, akakaza kitenge.

"Bwana Mikopo," akasema, "ulikuja kwangu, ukanywa uji wangu. Waambie watu hawa. Kwenye kunipima kwako, uliona nadaiwa na mtu?"

Jibu lilikuwa hapana. Neno moja tu. Nilikuwa nalo ulimini. Nikamtazama wakili, akawa anatazama kalamu yake. Nikamtazama Mzee Hokororo, aliyesimama mlangoni na baiskeli yake nje, naye akawa ananitazama mimi. Nikasema, "Siwezi kujibu. Ni siri ya ofisi."

Mjomba akainuka, akatoka nje kabla hakimu hajamaliza. Hakuhitaji kungoja hukumu, alishasikia alichokuja kusikia. Kwa watu wale, na hata kwangu ningekuwa pale benchini, mtu anayekataa kusema hadharani kwamba mama huyu hana deni, anamsitiri aibu yake. Nilikuwa sijasema uongo hata chembe, na nilikuwa nimemsingizia mbele ya ukoo wake mzima. Baadaye hakimu akasema hakuna sheria aliyoiona inayomlazimisha mkopeshaji kueleza sababu zake, akaifuta kesi, kila upande ubebe gharama zake. Alisema kwa sauti ya chini kama mtu ambaye naye hakufurahi.

Meneja alininunulia soda. Niliinywa, Mungu anisamehe. Mzee Hokororo alipanda baiskeli akaenda zake, na tangu siku hiyo hakuniita tena bwana mdogo. Aliniita kwa jina langu lote, kama wanavyoita kwenye karatasi ya mshahara. Mwaka uliofuata alistaafu, nami nikapewa meza yake.

Mnaniuliza kwa nini nawasumbua na habari hizi, wakati ninyi mnatumia mashine. Ni kwa sababu ya mashine hizo. Aliyezipanga naye ametoka kwao, ana mama yake na mila zake, na yale anayoyaona ni ya kawaida ndiyo aliyoyatia humo. Mimi angalau nililijua kabati, ninyi mnafichiwa hata mahali kabati lilipo. Mtu akija na swali la kwa nini, msimfukuze haraka. Na akienda kulalamika kwenye sheria, msimwone mkorofi, huenda ni yeye peke yake aliyebaki na nguvu ya kuuliza. Nayasema haya bila kujipa ualimu. Sina haki ya kumfundisha mtu, nasema tu nilipojikwaa.

Kazi iliniishia mwishoni mwa miaka ile ya elfu mbili. Taasisi ilikuwa imeshafungwa, makabati yameuzwa, hakuna tena aliyebaki wa kuniuliza kwa nini nimesema. Nikajipa moyo, nikachukua basi dogo hadi Ruangwa, kisha bodaboda mpaka Mbekenyera. Nilimkuta Mama Fides anapepeta ufuta. Alikuwa amekonda, ila alinitambua mara moja, akaniletea kigoda na maji. Mikorosho ya nyuma ya nyumba ilikuwa inasafishwa na vijana wa mdogo wake.

Nikamweleza yote. Sifuri, makazi, Njombe, kila kitu. Alisikiliza huku ungo umetulia mapajani.

"Kumbe ni hilo tu," akasema. Akauweka ungo chini. "Kumbe ni kukaa kwa mama yangu."

Nikamwambia niko tayari kusema mbele ya ukoo. Macho yake yakabadilika, nikaona mtu ambaye bado alikuwa anangoja. Akaenda kumwita mjomba, na mjomba akaita wazee wengine wawili, tukakaa uwanjani. Nikasema kwa Kiswahili changu chote. Nikasema mama huyu hakuwa na deni hata la chumvi, kosa lilikuwa langu, arudishiwe shamba lake. Nilisema mpaka sauti ikakatika, na sioni haya kukiri kwamba nililia.

Mjomba alikuwa mzee sana sasa. Alingoja nimalize, akauliza kwa adabu, "Bwana, siku ile mahakamani uliapa?"

Nikasema ndiyo.

"Ulishika Biblia, tukakuona. Leo umeshika kofia tu. Sasa sisi tuchukue lipi? La kiapo au la kofia?"

Nikasema niko tayari kuapa hapo hapo, waniletee Biblia. Akatikisa kichwa, hakuwa na hasira. "Mtu anayeapa mara mbili," akasema, "hata sisi wa kijijini tunaogopa kumwita shahidi." Wenzake wakaguna kukubali. Wakanishukuru kwa kuja, wakaniaga vizuri, wakaondoka.

Mama Fides akanisindikiza hadi njiani, kama desturi ya mgeni. Nikaanza kumwomba radhi tena, akaninyamazisha kwa mkono.

"Miaka yote hii nilikuwa nikijichunguza," akasema. "Nilikwenda hata kuungama, nikamwambia padre kuna dhambi nimeisahau, anisaidie kuitafuta. Sasa nimejua sikukosa kitu. Ila tunaojua ni wawili, baba, mimi na wewe, na wewe unaondoka."

Na kweli, bodaboda alikuwa ameshawasha. Nikapanda.